Baisikeli Kuukuu na Mwenyewe Asiyejulikana

Historia ya pwani ya Afrika ya Mashariki imezoea kuandikwa kutokana na tarikhi za miji, nyaraka za watawala, makaburi ya mawe na tenzi za mashehe. Waliokuwa na wino waliacha habari zao; wasiokuwa nao walipita kimya. Walakini mtu asiyeandika si mtu asiyeacha alama. Mkulima huacha alama yake katika mpini wa jembe, msagaji katika jiwe la kusagia, na mpanda baisikeli katika chombo alichokikanyaga miaka kwa miaka. Alama hizo ni maandishi ya namna yake. Taabu iliyopo ni kwamba mtu wa kwanza kuzifikia aghalabu huwa fundi aliyeshika msasa, na kazi aliyopewa ni kuzifuta.

Makala haya yanahusu baisikeli moja iliyofufuliwa Tanga, na neno moja lililokutwa chini ya kiti chake. Neno lenyewe lina herufi nne tu za Kiarabu, wala halina irabu. Likisomwa kwa namna moja, baisikeli ile ni mali ya nyumba iliyoihifadhi. Likisomwa kwa namna ya pili, ni mali ya mtu aliyeiacha kwa muda, akaenda zake, asirudi. Kwa sababu hiyo suala la mwenye baisikeli, ambalo kwa desturi ni mchezo wa kuwaza tu, liligeuka kuwa suala la haki.

CHOMBO CHENYEWE

Baisikeli hiyo ilishushwa kutoka darini katika nyumba moja ya zamani kando ya mji, wakati wenyewe walipokuwa wakiezua paa. Ilikuwa imelazwa juu ya boriti na kufunikwa jamvi. Matairi yalikuwa yamekauka na kukatika kama magome ya mti; mnyororo ulikuwa umeshikana kwa grisi iliyogeuka kuwa ngumu; na nyigu walikuwa wamejenga ndani ya kengele. Kijana mmoja wa nyumba ile, ambaye alikuwa akienda kazini kwa miguu, aliomba apewe aitengeneze. Jamaa zake hawakuona ubaya. Ikapelekwa kwa fundi mmoja mzee mwenye kibanda chini ya mwembe, aliyesifika kwa kuvirudishia uhai vyombo ambavyo wengine wamevikatia tamaa. Mpango wa kwanza ulikuwa mwepesi: rangi yote ikwanguliwe, vyuma vipigwe msasa mpaka ving'ae, kiti kitupwe, kisha baisikeli ipakwe rangi mpya nyeusi. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Tanga ni mji unaostahili habari ya namna hii. Ardhi yake ni tambarare, njia zake zimenyoka, na kwa miaka mingi umejulikana kwa wingi wa baisikeli, zikipandwa na wanaume na wanawake pia. Mtu anaweza kukaa kivulini asubuhi na kuona mbele yake maisha yote ya mji yakipita juu ya magurudumu mawili: mikate, maziwa, kuni, mgonjwa anayepelekwa hospitali, mtoto anayepelekwa chuoni.

Katika shingo ya mbele ya baisikeli hiyo palikuwa na kibati chenye kichwa cha korongo, ambayo ni alama ya Raleigh, kampuni ya mji wa Nottingham, Uingereza. Asili ya chombo cha namna hii si ya mbali sana. Baisikeli yenye magurudumu mawili yanayokaribiana kwa ukubwa, inayokwenda kwa mnyororo uzungushao gurudumu la nyuma, ilipata umbo lake mwaka 1885, John Kemp Starley alipoitoa ile aliyoiita Rover katika mji wa Coventry. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, tabibu wa wanyama aliyekaa Belfast, alipata hataza ya tairi lenye upepo ndani. Mwaka huo huo Frank Bowden aliianzisha kampuni ya Raleigh kwa kukuza karakana ndogo aliyoikuta katika barabara ya jina hilo. Basi katika muda usiozidi miaka mitatu au minne mambo yote yalikuwa tayari: umbo, tairi na kiwanda.

Raha hiyo ya wapandaji iliwagharimu watu wengine. Tairi lilihitaji mpira, na mpira katika siku zile ulitoka zaidi misituni. Haja ya viwanda vya Ulaya na Marekani ilipozidi, watu wa Kongo chini ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji walilazimishwa kuutafuta kwa mateso yaliyotia dunia uchungu, hata nchi ile ikaondolewa mikononi mwake mwaka 1908. Pwani ya mashariki nayo iliuza mpira wa mwituni kupitia Unguja. Na wakati wa utawala wa Wajerumani mashamba ya mpira yalipandwa kwa wingi katika upande wa Tanga, mpaka bei ilipoanguka mwaka 1913 kwa kushindwa na mpira wa mashamba ya Asia. Kwa hiyo kabla watu wengi wa Tanga hawajaimudu baisikeli, nchi yao ilikuwa imekwisha kuingizwa katika biashara ya kuitia upepo.

Kilichowapa watu hao fedha ya kuinunulia kilikuwa mkonge. Mmea huo uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893. Miche iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, na kutokana na hiyo yakatoka mashamba yaliyofunika nchi kutoka Tanga hadi chini ya milima ya Usambara na kuendelea. Vita Kuu ya Pili ilipofunga njia za katani ya Ufilipino na Java mwaka 1942, mkonge wa Tanganyika ulitafutwa sana. Vita vya Korea vilivyoanza mwaka 1950 vikapandisha bei tena. Na mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000. Mashamba hayo yaliwavuta manamba kutoka mbali, na pamoja nao makarani, wanyapara, mafundi wa mitambo na wachuuzi wa kuwalisha wote hao. Kila mmoja wao alikuwa na sababu ya kutaka baisikeli. Ilikuwa chombo cha kazi, na pia ilikuwa mshahara unaoonekana: aliyerudi kwao nayo hakuhitaji kueleza sana alikokuwa.

Raleigh ilijitangaza katika Afrika kwa picha iliyojulikana mahali pengi, ya Mwafrika akimkimbia simba juu ya baisikeli ya chuma kitupu. Picha hiyo inamweleza zaidi mwuzaji kuliko mnunuzi. Mnunuzi alitafuta chombo kitakachochukua mzigo mzito katika njia ya mchanga, na ambacho kikivunjika kitatengenezeka karibu na nyumbani.

MAJINA YA VIUNGO

Fundi alipoifungua baisikeli alivitaja viungo vyake kimoja kimoja, na katika kutaja kwake ilipita historia fupi ya lugha. Cha kwanza kilikuwa usukani. Neno hili ni la baharini. Asili yake ni Kiarabu, na kwa mabaharia ni ule ubao wa nyuma unaokiongoza chombo. Watu wa pwani walipoona chombo cha nchi kavu kinachogeuzwa kwa mikono hawakutafuta neno jingine. Usukani ukahama kutoka tezi ukaja mbele, ukabaki na kazi yake ile ile.

Mnyororo una historia nzito zaidi. Lilikuwa neno la wafungwa na mateka wa misafara kabla halijawa neno la mafundi. Bomba la kutilia upepo limetoka kwa Wareno. Mpira ulikuwa jina la mmea na utomvu wake kabla haujawa jina la kitu cha kuchezea au cha kuviringisha. Na wazee wengi waliendelea kusema kwamba baisikeli imepasuka mpira, wakati vijana walisema tairi au tyubu. Msasa wenyewe, adui wa habari hii, ni jina la mti ambao majani yake yana mparuzo, na maseremala waliyatumia kulainishia mbao kabla karatasi ya dukani haijafika. Na duka, mahali ambapo baisikeli kama hii ilinunuliwa, aghalabu kwa mfanyabiashara wa asili ya Kihindi, ni neno ambalo Waarabu na Wahindi wote wanalo.

Maneno yaliyofuatana na chombo chenyewe kutoka Uingereza ni mengi: breki, pedeli, fremu, keria, foko, spoku. Lakini hayakuingia yakabaki wageni. Mfano unaopendwa na wataalamu wa sarufi ni madigadi. Kwa Kiingereza neno hilo halina dalili yoyote ya wingi katika silabi yake ya kwanza. Mswahili aliisikia ma- na kuihesabu kuwa kiambishi, basi likipotea moja husemwa digadi. Kadhalika manamba wa mashamba ya mkonge walipata jina lao kutokana na namba, na jina likatembea likawa la watu. Nje ya pwani mambo yalikwenda njia nyingine. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo baisikeli huitwa kinga, na Warundi husema ikinga. Wanyarwanda husema igare, ambalo ni gari, neno lililovuka bahari kutoka Bara Hindi.

Jambo linaloonekana katika orodha hiyo ni kwamba lugha ilifanya na majina kama wenye baisikeli walivyofanya na viungo: kilichofaa kilibaki, kilichovunjika kilibadilishwa, kilichokosekana kiliazimwa. Anayedai kupata lugha isiyo na kiraka ni sawa na anayedai kupata baisikeli ya mwaka 1954 ambayo kila nati yake ni ya mwaka 1954. Huenda ipo, lakini itakuwa haikupandwa.

ALAMA

Aliyeuzuia msasa ni fundi mwenyewe. Alipokuwa akijaribu mahali padogo karibu na shingo, aliona kwamba chini ya rangi ya kijani iliyopakwa kwa brashi ipo rangi nyeusi ya kiwandani, na juu ya nyeusi hiyo mistari myembamba ya dhahabu. Akasita. Kisha akaanza kuitazama baisikeli kama mtu anavyotazama waraka aliodhani ni mtupu, kumbe una maandishi.

Alama ya kwanza ilikuwa katika kitovu cha gurudumu la nyuma. Kitovu hicho kilikuwa cha Sturmey-Archer, chenye giya tatu, na vyombo vya kampuni hiyo vina ada ya kupigwa chapa ya mwaka. Chapa ilikuwa 54. Tarehe ya namna hii hujulisha mpaka mmoja tu: baisikeli katika hali hiyo haikuweza kupandwa kabla ya mwaka 1954, lini ilipandwa baadaye, chapa haisemi. Lakini giya ni jambo la kuangaliwa. Baisikeli nyingi za kazi zilizoletwa katika nchi hizi hazikuwa nazo, kwa kuwa ziliongeza bei, na katika mji wa tambarare hazikuwa na haja kubwa. Aliyezilipia alikuwa na fedha ya ziada, au njia yake ilikuwa na vilima.

Alama ya pili ilikuwa katika uma wa mbele. Palikuwa na mkwaruzo wa duara ambapo dinamo ilifungwa zamani, ikaondolewa. Mwenye dinamo alitembea usiku. Alama ya tatu ilikuwa keria. Ile ya kiwandani haikuwapo; mahali pake palikuwa na keria ya nondo iliyochomelewa na mhunzi, pana kuliko kawaida, na miguu yake iliongezewa vyuma viwili. Hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya faili wala kwa ajili ya abiria. Alama ya nne ililinganisha magurudumu. Rimu ya mbele ilikuwa na kutu ya kawaida, ile ya umri. Rimu ya nyuma ililiwa vibaya upande wa juu na wa pembeni, na madigadi ya nyuma yalikuwa na matundu, lakini tu katika sehemu iliyo chini ya keria. Maji yaliyoyala yalitoka juu, nayo yalikuwa ya chumvi. Mtu yeyote wa pwani aliyeona matenga ya samaki yakichuruzika njiani haulizi zaidi.

Alama ya tano iliziweka hizo nyingine katika mpango wa wakati. Kutu ya chumvi ilikuwa imeila rangi nyeusi, na rangi ya kijani ilipita juu ya kutu ile bila kuliwa. Hivyo samaki walitangulia, kijani ikafuata, na baada ya kijani chombo hakikuchukua samaki tena. Pedeli, ambazo hazikuwa na tone la rangi hiyo, zilikuwa za Phoenix, kazi ya Shanghai. Bidhaa za Kichina zilienea sana Tanzania katika miaka ya ujenzi wa Reli ya Uhuru, 1970 hadi 1975, kwa kuwa sehemu ya gharama za humu nchini ililipwa kwa mauzo ya bidhaa hizo. Inaelekea basi kwamba baisikeli ilikuwa ingali njiani katika miaka hiyo, nayo ilikuwa na umri wa miaka kumi na mitano au zaidi.

Alama ya sita ilikuwa katika nguzo ya kiti. Pete mbili za mikwaruzo zilionyesha kwamba kiti kilikazwa kwa muda mrefu katika vimo viwili, tofauti yake ikiwa upana wa vidole vinne. Mtu mzima hapungui vidole vinne. Waliipanda watu wawili kwa uchache, mmoja mrefu na mmoja mfupi.

Kutokana na alama hizo ni rahisi kumwaza karani wa shamba la mkonge aliyeinunua ikiwa mpya, akiwasha taa yake jioni. Kisha mchuuzi wa samaki aliyeinunua ikiwa imetumika, akaipeleka kwa mhunzi. Kisha mtu wa tatu aliyeipaka kijani. Ni rahisi, na kwa sababu ni rahisi ni jambo la kuchungwa. Hakuna alama inayosema karani. Mwalimu hutembea usiku, na mnyapara, na muuguzi. Hakuna alama inayokataza kwamba mtu mmoja alikuwa karani mpaka alipoachishwa kazi, akauza giza la taa yake kwa mzigo wa matenga. Alama zinasema taa, chumvi, rangi, vimo viwili. Yaliyobaki ni ya msimuliaji, naye hana budi kuyaweka upande wake.

NENO

Katika nyumba ile palikuwa na masimulizi mawili. Mzee mmoja alisema kwamba baisikeli ilikuwa ya ndugu wa ukoo aliyefanya kazi katika mashamba. Bibi kizee mmoja alisema kwamba iliachwa na mpangaji, mtu wa samaki, aliyesafiri na kuahidi kurudi. Kwa hukumu ya alama, kila simulizi ilikuwa na mahali pake, wala hakuna iliyoweza kuifukuza nyingine.

Ndipo fundi alipokigeuza kiti. Kilikuwa cha ngozi nene juu ya springi, na ukingoni palikuwa na matone ya rangi ya kijani, dalili kwamba kilikuwamo baisikeli ilipopakwa. Chini, mahali pasipoonekana na mpandaji wala mpita njia, ngozi ilikuwa imepigwa vitone kwa ncha ya msumari. Vitone hivyo vilifanya herufi nne: alifu, mimu, nuni na he.

Si ajabu kuona herufi hizo. Kiswahili cha pwani kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya shule za wakoloni kueneza zile za Kilatini, na hata baada ya hapo watu waliosoma chuoni waliendelea kuzitumia katika barua, hesabu na kumbukumbu za nyumbani. Tatizo lake linajulikana na kila aliyehariri hati ya zamani: pasipo irabu, mwandishi huwa amemwachia msomaji nusu ya kazi.

Amani na amini hayawezi kuwa, kwa sababu ya ile he ya mwisho. Yamebaki mawili yenye nguvu: Amina na amana. Kwa kanuni za Kiarabu, jina la Amina, mama yake Mtume, huandikwa kwa alifu, mimu, nuni na te ya kufungia, bila ye. Na te hiyo katika mkono wa haraka huwa he. Hivyo aliyejua kuandika vizuri angeliandika jina hilo kama lilivyo chini ya kiti. Amana kwa Kiarabu hutaka alifu ya pili baada ya mimu, ya kuvuta sauti. Kwa hoja hii Amina ana haki zaidi.

Lakini hoja hiyo inasimama ikiwa mwandishi alifuata kanuni za Kiarabu. Katika Kiswahili sauti ya amana haivutwi kwa namna ambayo sikio lingedai alifu, na watu wengi waliandika barua zao kwa sikio. Mkono wa mtu wa namna hiyo ungeliandika amana kwa herufi hizo hizo nne. Mwandiko ungaliweza kusaidia kama ungekuwa wa kalamu, kwa kuwa mkono uliofunzwa hujulikana; vitone vya msumari katika ngozi huwafanya mwanachuoni na mvuvi waandike sawa.

Tofauti ya irabu moja hapo ni kubwa. Amina ni jina la mtu, na katika ukoo ule, kama katika koo nyingi za pwani, lilikuwa jina la zaidi ya mtu mmoja. Aliyeliandika angeweza kuwa mume, baba au mwana, na chombo kingekuwa cha nyumba. Amana ni kitu kilichowekwa kwa mtu akitunze mpaka mwenyewe atakapokuja. Kukiuza ni hiana. Kukitumia bila idhini ni karibu na hiana. Kukikwangua rangi mpaka mwenyewe asiweze kukitambua ni kumnyang'anya mara ya pili.

Ushahidi wa pembeni ulitazamwa. Grisi iliyogandisha mnyororo ilikuwa imepakwa nyingi kupita kiasi, pamoja na katika ekseli na katika kila nati. Chombo kilichotupwa hakipakwi grisi. Yupo aliyetazamia kwamba kitashuka tena. Bibi kizee naye alikumbuka kwamba mama yake aliwakanya watoto wasiiguse. Mambo hayo yanaelekea amana. Lakini mtu hupaka grisi chombo chake mwenyewe pia, na hakuna mama asiyewakanya watoto. Tena kiti ni kiungo kinachohama kutoka baisikeli hadi baisikeli. Matone ya kijani yanathibitisha kwamba kilikuwapo siku ya rangi, hayathibitishi kwamba neno liliandikwa kwa ajili ya chombo hiki. Hapo ndipo uchunguzi ulipofikia, na mwenye kusema zaidi atakuwa anatunga.

HUKUMU

Watu wa nyumba ile hawakuweza kusimama pale aliposimama mchunguzi. Kijana alikuwa akingoja chombo, naye alikuwa na hoja yake: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Basi walikwenda kwa mwalimu wa chuo. Shauri lake lilikuwa fupi. Alisema kwamba hakujua ni neno gani, wala hapakuwa na haja ya kulijua ili kutenda sawa. Wakilichukua kuwa amana, na kumbe ni Amina, hasara yao ni ndogo; wakilichukua kuwa Amina, na kumbe ni amana, wamekula haki ya mtu. Kwa hiyo habari ilitangazwa msikitini na katika soko la samaki kwa muda wa mwaka mzima. Hakutokea mtu. Ndipo fundi alipokisia thamani ya baisikeli kama ilivyokuwa siku iliposhushwa, ikaandikwa mbele ya mashahidi, na kijana akapewa kwa sharti kwamba akija mwenyewe au mrithi wake na dalili, atarudishiwa chombo, au atalipwa thamani ile, kwa hiari yake.

Kazi ya fundi nayo ilifuata shauri hilo. Kilichokuwa cha lazima kwa usalama kilibadilishwa: matairi, tyubu, mipira ya breki, mnyororo, gololi na spoku zilizokatika. Rimu ya nyuma ilikuwa imeliwa mno, ikatolewa, lakini kitovu chenye chapa ya 54 kilifungwa katika rimu mpya. Rangi haikukwanguliwa. Ilioshwa kwa sabuni na kupakwa mafuta, na mahali ambapo nyeusi na dhahabu zilichungulia chini ya kijani paliachwa hivyo. Keria ya mhunzi ilibaki. Kiti cha ngozi, ambacho kingepasuka kwa uzito wa mtu, kiliondolewa, na kipya kikafungwa katika kimo cha tatu, cha kijana mwenyewe, juu ya pete ya mtu mrefu.

Wanaohariri hati za kale watatambua kanuni iliyofuatwa. Utenzi wa zamani hufika mikononi mwa mhariri ukiwa umepita kwa wanakili wengi, na kila mnakili ameongeza, amepunguza au amesahihisha kwa nia njema. Mhariri anayependa kazi nzuri hujaribiwa kuurudisha katika umbo analodhani lilikuwa la kwanza, na katika kufanya hivyo huwafuta wote waliouweka hai. Baisikeli hii ilikuwa na wanakili wake. Aliyefunga dinamo, aliyechoma keria, aliyepaka kijani, aliyetia pedeli za Phoenix wakati za Nottingham hazipatikani, wote waliiandika upya, na bila wao isingalifika darini. Kuirudisha katika mwaka 1954 kungekuwa kuwaenzi watu wa kiwanda na kuwasahau watu wa Tanga.

Kwa mwenye kuandika historia ya watu wasioandika, funzo lililopo ni la namna mbili. La kwanza ni kwamba ushahidi upo mwingi kuliko unavyodhaniwa, katika vibanda vya mafundi, stoo na madari, nao hupotea kila siku kwa sababu ya usafi. Afikaye kabla ya msasa atapata mengi. La pili ni kwamba kumwaza mwenye chombo ni jambo jema, maana pasipo kuwaza hakuna atakayeinama kutazama kutu. Lakini mtu anayewazwa alikuwa mtu kweli, alikuwa na haki zake, na haki mojawapo ni kutopewa maisha yasiyokuwa yake kwa kuwa yanapendeza kusimulia.

Kijana yule sasa huenda kazini kwa baisikeli yake, au ya mtu mwingine. Kiti cha ngozi kilipakwa mafuta ya nazi, kikafungwa katika kipande cha lile jamvi, na kurudishwa juu ya boriti chini ya paa jipya. Karatasi ya thamani imewekwa pamoja nacho. Imeandikwa kwa herufi za Kilatini, na mwalimu wa chuo, ili pasije pakatokea shaka tena, aliiandika mara ya pili kwa herufi za Kiarabu, akatia irabu zote.